Redio ya bluetooth kwenye Land Rover ya 1978: shajara ya waya mmoja baada ya mwingine

Naandika kwa ajili ya mwenye gari la zamani anayetaka redio ya kisasa, hasa kama anakaa pwani kama sisi wa Mtwara, ambako chumvi haina huruma na chuma. Kila hatua ikiisha naongeza. Yaliyokwenda sawa nayaruka, nilikoharibu ndiko nakaa. Bei zote ni shilingi zilizotoka mfukoni mwangu.

Jumamosi, 18 Januari 2025: Gari lenyewe

Ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25. Mwenyewe ni baba mdogo. Huko Newala imebeba korosho, mihogo, wagonjwa na maharusi. Msimu wa korosho ulipokwisha akaishusha mjini, akanikabidhi funguo: "Mwanangu, nataka taarifa ya habari humu ndani. Na kaswida. Basi." Nikaitikia haraka, kama mtu asiyejua anachoitikia.

Redio ya zamani haipo. Limebaki tundu lililochongwa kwa msumeno, pamoja na spika moja chini ya dashibodi yenye waya mmoja tu. Ukumbuke huo waya mmoja, tutaurudia.

Kabla ya lolote angalia ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 hadi katikati ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi, na ukipachika redio ya leo humo bila kutazama, umeiua kabla haijasema neno. Series III zilitengenezwa 1971 hadi 1985 na ethi yake, yaani upande uliofungwa kwenye bodi, ni hasi. Hata hivyo nilifungua boneti nikahakikisha kwa macho. Gari la miaka 47 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na si wote walikuwa na haya.

Rangi za nyaya za kiwandani zinasaidia. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Zambarau ni huohuo ukiwa umepita kwenye fyuzi. Nyeupe ni unaokuja ukifungua swichi ya funguo, kijani ni huo wa swichi uliopita kwenye fyuzi, na nyeusi ni ethi. Hiyo ni nadharia. Kwenye gari hili nusu ya nyaya zimebadilishwa kwa chochote kilichokuwa karibu, mmojawapo ni waya wa umeme wa nyumba, ule mgumu wa ukutani. Nikachukua mita ya kupimia umeme na kalamu, nikafuata waya mmoja mmoja na kuupa namba kwenye karatasi. Mchana mzima umekwenda hivyo.

Betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.5. Ikiwa inawaka: 14.1. Nikaona umeme uko sawa, nikafunga boneti. Ningepima na upande wa kurudi, yaani njia ya umeme kupitia bodi hadi betri, siku hiyohiyo, nusu ya shajara hii isingekuwepo.

Gharama: mita 25,000.

Jumapili, 26 Januari: Redio ya kwanza, ya mtumba kutoka Japani

Nilipata redio safi iliyong'olewa kwenye gari la Kijapani, 50,000. Nikaijaribu mezani kwa betri, ikawaka, CD ikazunguka, nikafurahi. Kutafuta stesheni, hakuna kitu. Namba zinaanza 76 zinafika 90, kisha zinarudi mwanzo.

Japani FM yao ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo kinachoingia ni kile kipande chembamba cha chini tu, na stesheni nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kikonvata kinachochomekwa kwenye njia ya antena kushusha masafa. Kinafanya kazi, ila namba unayoiona kwenye kioo haifanani na namba inayotangazwa, na baba mdogo ni mtu wa kuandika namba za stesheni kwenye daftari. Nikaiuza 35,000 kwa kijana anayetaka CD tu.

Ukinunua ya mtumba, iwashe palepale dukani ujaribu kupita 90. Jaribio la nusu dakika.

Hasara: 15,000.

Jumamosi, 8 Februari: Redio ya pili, sanduku na spika

Hii ni mpya, ndogo, haina CD. Ina bluetooth, tundu la flashi, tundu la waya wa simu, na FM hadi 108. 65,000.

Dashibodi ya Series III haikukusudiwa redio ya upana wa leo, na lile tundu la msumeno limepinda kama mdomo wa chewa. Badala ya kulipanua nikampelekea seremala wa Mikindani vipimo: tundu la milimita 182 kwa 53. Akatengeneza sanduku la mninga la kufungwa chini ya dashibodi. La kwanza lilibana mno, redio haikuwa na pa kupumulia, nikamrudishia akatoboa mgongo. Kazi safi.

Nyaya za redio za siku hizi nazo zina rangi zake: njano ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, nyekundu ni wa kuwashia, nyeusi ni ethi. Spika zina jozi nne: nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, na ile yenye mstari mweusi ndiyo hasi ya kila jozi. Angalia usichanganye zambarau ya redio na zambarau ya gari. Ya gari ina umeme wa betri, ya redio inakwenda kwenye spika. Zikikutana, redio imekwisha.

Nilifunga njano kwenye zambarau ya gari, nyekundu kwenye nyeupe ya gari (hapa nilikosea, tutakuja kwenye Idi), nyeusi kwa skurubu kwenye bati la dashibodi (hapa pia). Redio ikawaka, nikapiga simu nyumbani kujisifu.

Ile spika ya zamani nikaiunganisha kama ilivyokuwa, waya mmoja kutoka redio, wa pili ni bodi. Sauti ikatoka nusu dakika, ikakatika. Kioo kinawaka, namba zinaonekana, kimya. Nikagusa mgongo wa redio nikatoa mkono haraka.

Redio za zamani zilirudisha umeme wa spika kupitia bodi. Za leo hazifanyi hivyo. Kila spika inasukumwa na nyaya zote mbili, huu ukipanda ule unashuka, na hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kugusa bodi. Mimi nilikuwa nimepiga shoti nusu ya amplifaya. Bahati yangu chipu ya ndani inajikinga. Nilipokata waya ule na kusubiri ipoe, ikafufuka.

Nikanunua jozi ya spika za inchi 6, nikavuta nyaya mbili kwa kila moja moja kwa moja kutoka redio. Spika ya zamani imebaki pale kama pambo.

Jambo la pembeni: sanduku la redio limeandikwa wati 50 mara 4. Fyuzi yake ya nyuma ni ampea 10. Kumi mara 14.4 ni wati 144 zinazoingia, sasa hizo 200 zinatoka wapi? Kwa volti 14.4 na spika ya omu 4, kila spika haiwezi kupita wati 26 hivi za kweli, hata ukipiga hesabu kwa upendeleo. Zinatosha sana kwa kaswida.

Gharama: redio 65,000, spika 40,000, waya wa spika mita 8 kwa 8,000, fyuzi na kishikio chake 3,000, sanduku 35,000.

Jumapili, 16 Februari: Antena inawasha redio

Wiki nzima malalamiko ni haya: ukiwasha taa kubwa, kioo cha redio kinafifia. Ukiongeza sauti besi ikapiga, redio inajizima na kuwaka upya, na simu inaachana nayo. Nikampelekea fundi mmoja wa umeme wa magari. Hata mita hakutoa. "Kaka, hiyo ya bei rahisi. Nunua nyingine."

Nilikaribia kumsikiliza. Kilichoniokoa ni mlio. Nilikuwa natafuta chanzo cha mikwaruzo kwenye FM, nikachomoa waya wa antena nione kama itapungua. Redio ikazima. Nikachomeka, ikawaka. Nikachomoa, ikazima. Nikamwita jirani aje ashuhudie, maana nilihisi nitaambiwa nimechanganyikiwa na jua.

Antena haileti umeme. Ila waya wake una nyuzi za nje zinazozunguka ule wa katikati, na hizo upande mmoja zimeshika bodi ya redio, upande wa pili zimeshika bawa la gari, lile bati la juu ya gurudumu la mbele, pale antena ilipofungwa. Kumbe waya wangu mweusi haukuwa umefika popote. Umeme uliingia kwa njano na nyekundu, ukatafuta pa kurudi betri, ukakuta mlango pekee ulio wazi ni antena.

Nikafungua ile skurubu ya ethi. Chini ya washa, kile kipete cha chini ya kichwa cha skurubu, kulikuwa na unga mweupe, laini, kama unga wa muhogo uliobaki kwenye kinu. Bodi ya Land Rover hizi si chuma, ni mchanganyiko wa aluminiamu na magineziamu uitwao Birmabright. Mabati hayo yamefungwa kwa bolti za chuma. Metali mbili tofauti zikishikana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na unga ule ndio mabaki yake. Haupitishi umeme. Kwa nje skurubu imekaza na inang'aa, kwa ndani imekaa juu ya unga na rangi.

Sasa taa kubwa. Zimo kwenye mabawa ya mbele na zinarudishia umeme wake palepale kwenye bati la bawa. Bawa lenyewe limeshikana vibaya na chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo redio na taa vilikuwa vinagombea mlango mmoja mwembamba, taa zikipita redio inabaki nje.

Kipimo cha hakika ni hiki, na mita yoyote inakifanya. Weka mita kwenye volti za betri. Ncha moja kwenye hasi ya betri, pale kwenye kichwa chenyewe. Ncha ya pili kwenye bodi ya redio. Redio ipige muziki. Inatakiwa usome karibu na sufuri. Mimi nilisoma 1.7. Nilipowasha taa kubwa, 3.1. Maana yake kati ya volti 12.4 za betri, redio ilikuwa ikipata 9.3, na kwa hizo kujizima si kosa lake. Taa nazo kwa muda wote huo zilikuwa za manjano kama kibatari, tukadhani ni uzee.

Nikapiga brashi ya waya kitako cha antena hadi metali ikang'aa. Kisha nikaona nimalize ubishi: nikavuta waya mweusi mnene kutoka redio moja kwa moja hadi hasi ya betri. Mita: 0.05. Taa zikiwashwa redio haishtuki.

Gharama: brashi na msasa 4,000, waya mnene mita 3 kwa 7,500, vichwa vya waya 2,000.

Jumamosi, 22 Februari: Choki ya moto

Asubuhi imenyesha, hewa nzito. Navuta choki (kitufe cha kubana hewa ya kabureta injini ikiwa baridi), nawasha. Starta inavuta kwa uvivu kama kawaida yake, nikiamini betri imechoka. Mara ya tatu nikasikia harufu ya plastiki. Mkono ulikuwa bado kwenye kitufe cha choki, na kitufe kilikuwa cha moto. Nikashuka nikafungua boneti. Ganda la ule waya wangu mpya mweusi lilikuwa limelainika, linabonyea kwa kidole kama mshumaa.

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango nikachora njia ya umeme kwenye mchanga. Starta inakunywa ampea nyingi, mamia. Umeme huo ukishaingia injini lazima urudi betri. Injini imekaa kwenye raba, kwa hiyo haigusi chesisi, inategemea mkanda wa waya wa kusuka. Nikaingia chini na tochi. Mkanda upo, karibu na gia boksi. Nyuzi zilizobaki nzima zilikuwa tatu, za kijani. Nyingine zimegeuka vumbi.

Basi umeme wa starta ulikuwa ukitoka injini, ukipanda waya wa choki kutoka kabureta hadi dashibodi, na zamani ukiishia kuhangaika kwenye mabati yenye kutu. Mimi nikaufungulia barabara ya lami: kutoka dashibodi, bodi ya redio, waya mweusi mnene, hadi betri. Redio yangu ya 65,000 ilikuwa imegeuka kivuko cha starta.

Kama unakwenda kunakili kazi hii, usifunge redio moja kwa moja kwenye hasi ya betri kabla ya kupima ethi ya injini. Ncha ya mita kwenye bati la injini, ncha nyingine hasi ya betri, mtu awashe starta. Ikizidi nusu volti kuna tatizo. Yangu ilikuwa 2.8.

Nilinunua mikanda miwili ya kusuka. Wa kwanza gia boksi hadi chesisi. Wa pili kutoka chesisi hadi ule ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva, maana ukuta ule ni chuma kweli, si aluminiamu. Kila mahali msasa hadi kung'aa, kaza, kisha paka grisi juu kuzuia hewa ya bahari. Ule waya mnene niliukata vipande, nikaunganisha kila bawa na chesisi. Redio nikaihamishia ethi kwenye bolti ya ukuta wa chuma. Waya wa choki nikabadilisha, ulikuwa umeungua ndani na kukwama.

Vipimo vipya: injini wakati wa starta 0.2. Redio ikipiga muziki na taa kubwa zimewashwa, 0.04.

Starta sasa inazungusha injini kwa kelele ya ujana. Baba mdogo aliposikia kwenye simu akauliza betri mpya nimenunua shilingi ngapi. Betri ni ileile.

Gharama: mikanda miwili 16,000, waya wa choki 15,000, grisi 4,000.

Jumatano, 12 Machi: Tik-tik-tik, na kosa la kondensa

Ramadhani, kazi inafanyika baada ya futari chini ya taa ya kichwani. Sasa redio ina nguvu lakini ina mlio wa tik-tik unaokimbia ukikanyaga mafuta. Kuna milio miwili na usiichanganye. Ukiwa mluzi mwembamba unaopanda na kushuka na injini, mshuku alteneta, ile inayochaji betri. Ikiwa ni tik-tik, mshuku plagi za cheche za injini. Chomoa antena (safari hii redio haikuzima, nilicheka peke yangu). Mlio ukipotea unaingia kwa hewa kupitia antena, ukibaki unaingia kwa nyaya za umeme. Wangu ulipotea.

Nikapima nyaya za plagi. Zote zilisoma karibu sufuri, yaani ni shaba tupu ndani. Nyaya zinazofaa gari lenye redio zina ukinzani wa maelfu ya omu kusudi cheche isitangaze. Duka la spea la mjini halikuwa nazo, zikaagizwa Dar kwa basi.

Wakati nikisubiri nikafanya ujanja. Nilisikia kwamba kondensa (kidude kinachotunza umeme kidogo na kuuachia) kwenye koili, ile inayopandisha umeme wa plagi, hupunguza kelele. Nikaifunga. Koili ina vichwa viwili, kimoja kinaleta umeme wa swichi, kingine kinakwenda distributa, inayogawa cheche kwa plagi. Nikaifunga kwenye kile cha distributa, kwa sababu ndicho kilichokuwa na nafasi ya spana.

Kesho yake jioni, dakika ishirini kabla ya magharibi, gari likaanza kukohoa hapa Magomeni ya Mtwara. Likapiga risasi moja ya ekzosi na kuzima. Watu waliofunga tangu alfajiri wakasukuma Land Rover ya zaidi ya tani moja na nusu hadi pembeni, na hakuna aliyenitukana, jambo ambalo lilinielemea kuliko matusi.

Sababu: ndani ya distributa tayari kuna kondensa ndogo, kama maikrofaradi 0.2, iliyopimwa ili umeme ukatike ghafla pointi (swichi ndogo inayofunguka na kufunga injini ikizunguka) zikifunguka. Kukatika ghafla ndiko kunakozaa cheche. Ya kuzuia kelele ni kubwa, maikrofaradi moja au zaidi. Ukiiweka upande wa pointi, umeme unakatika polepole na cheche inakuwa dhaifu. Mahali pake ni kile kichwa kinachopokea umeme wa swichi. Nikaihamisha palepale kando ya barabara, gari likawaka, nikafuturu kwa watu baki tende na uji.

Nyaya za plagi zilipofika, kila mmoja ukasoma maelfu ya omu kama inavyotakiwa. Tik-tik imekwisha, labda kidogo stesheni ikiwa mbali. Kondensa ya pili nimeiweka nyuma ya alteneta kwa tahadhari. Mluzi wa alteneta uliobaki unasikika tu simu ikiwa kwenye chaja ya gari na wakati huohuo imechomekwa redioni kwa waya. Ukitumia bluetooth haupo, na sikuhangaika nao zaidi.

Gharama: nyaya za plagi 28,000, kondensa mbili 8,000.

Jumanne, 1 Aprili: Idi, na koili

Jana Idi mosi baba mdogo alishuka kutoka Newala. Shikamoo, marahaba, pilau, kisha akaomba funguo "aone kazi". Akakaa kwenye gari uwanjani, injini imezimwa, swichi wazi, akasikiliza TBC Taifa kwa zaidi ya saa nzima, akituita mmoja mmoja tuje kusikia. Nilikuwa ndani nafurahia.

Leo asubuhi gari halikuwaka. Koili ilikuwa imetoa mafuta kwenye shingo.

Kosa ni langu la tarehe 8 Februari. Waya mwekundu wa redio niliufunga kwenye nyeupe, na nyeupe ndiyo inayolisha koili. Ili redio iwake lazima swichi iwe wazi, na swichi ikiwa wazi huku injini imesimama, pointi zikiangukia kufunga, umeme unapita kwenye koili bila kukoma. Koili ya omu 3 kwa volti 12 ni ampea 4, wati 48 za joto kwenye kopo lisilo na upepo. Pointi zikiangukia kufunguka huoni tatizo, ndiyo maana wiki saba hazikunionyesha kitu.

Baba mdogo akaniuliza kwa upole, "Kwani kusikiliza habari ni kosa?" Nikamwambia, "Hapana baba, kosa ni la fundi." Akaridhika, fundi ni mimi.

Swichi ya funguo ya gari hili ilishabadilishwa zamani kwa ya bei rahisi isiyo na hatua ya redio peke yake. Kwa hiyo mwekundu nimeuhamishia kwenye zambarau kupitia swichi ndogo ya kubonyeza, pamoja na taa nyekundu ya kumkumbusha azime. Nimemwonyesha mara mbili, akanionyesha yeye mara ya tatu.

Gharama: koili 40,000, swichi 3,000, taa 1,500, fyuzi 500.

Jumamosi, 19 Aprili: Maji, na safari ya Newala

Mvua za mwisho zilitafuta njia. Chini ya kioo cha mbele Series III ina vifuniko vya kupitishia hewa, na mpira wake ukikauka maji yanadondoka ndani, safari hii juu ya sanduku la mninga. Nimebadilisha mpira. Nyaya zote zinazoingia kwenye redio nimezilegeza zishuke chini ya sanduku kisha zipande, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni. Mpira 12,000.

Nikijumlisha tangu Januari ni 332,500. Redio yenyewe 65,000.

Juzi tuliipandisha Newala. Njia nzima redio haikujizima hata mara moja, pamoja na mashimo, honi na waipa. Kwenye kona za kupandia uwanda wa Makonde sauti ilikwaruza kidogo, ikarudi tulipofika juu. Taa kubwa sasa ni nyeupe, baba mdogo amelalamika zinamuumiza macho kwenye ukungu.

Kilichobaki ni spika ya kushoto kutetemesha bati la mlango besi ikipiga. Kwa sasa nimekata kipande cha kandambili nikakipachika katikati ya spika na bati. Kinashika.